UZI: Waliovuka Ruvuma, waliokimbilia Paris, na miji iliyopata jina kwa kazi za mikono yao

Mwana wa Mikindani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Nawaandikia kutoka Mtwara, na mada hii imenikaa moyoni muda mrefu. Kila ninaposoma habari za sanaa ya kisasa ya Tanzania naambiwa ilizaliwa Dar es Salaam: Nyumba ya Sanaa, Mwenge, Msasani, Oysterbay. Kusini inapewa nusu sentensi tu, "alitokea kusini", halafu habari zinahamia mjini. Mimi nasema mji ulitoa soko na ukatoa nafasi ya mtu kufanya asichoweza kufanya kwao. Kazi yenyewe ililetwa na wageni, na wengi wa wageni hao walipita hapa kwetu. Na hilo si la Dar peke yake. Paris ilijengewa jina na wageni, New York nayo vilevile. Nitakwenda kwa vipande. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye pingamizi aweke.

Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Huku Newala, Tandahimba na Mtwara vijijini, kule uwanda wa Mueda, Msumbiji. Enzi za Mreno, upande ule mtu alibanwa na kodi, kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Upande huu mashamba ya mkonge yalikuwa yanatafuta vibarua. Watu wakavuka, mwaka hadi mwaka, wenye chale usoni na panga mkononi. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita vya ukombozi vikaanza Septemba 1964, na hapo waliovuka hawakuwa vibarua tena, walikuwa wakimbizi na watoto wao. Rutamba, hapo Lindi, ilifunguliwa kuwapokea mwaka 1965. Wazee wengi wa Lindi wanaikumbuka hiyo.

Ndani ya watu hao walikuwemo wachongaji. Kule kwao walichonga mapiko, barakoa za ngoma, kwa mti mwepesi mweupe. Mapiko yalikuwa na miiko: yalifichwa porini, na mwanamke hakutakiwa kujua ni nani amevaa. Walichonga sanamu za mama, fimbo, vifuniko vya vyombo vya ugoro na dawa. Kinyago cha mpingo cha kuuzwa kilishika nguvu baadaye, baada ya kukutana na mnunuzi.

Mnunuzi mashuhuri kuliko wote alikuwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi. Katika miaka ya 1950 alikuwa akinunua vinyago kwa wachongaji wa Kimakonde, na mmoja wao alikuwa Samaki Likankoa. Samaki ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani: kiumbe chenye jicho pale pasipo jicho, mguu unaogeuka kuwa mdomo, tumbo lenye tundu unaloona hadi upande wa pili. Peera angeweza kumwambia aende zake akalete sanamu ya Mmasai mwenye mkuki, maana ndiyo iliyokuwa ikitoka. Alinunua shetani, akataka nyingine. Kipindi hichohicho Roberto Yakobo Sangwani, naye wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alichonga bingwa wa mieleka akiwa amebebwa juu ya wenzake, watu juu ya watu kwenye gogo moja. Mtindo huo wakauita dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha 1967 nchi nzima ilikuwa ikiimba ujamaa, na jina hilo la ujamaa likakikalia kinyago mpaka leo.

Naweka nukta hapa kwa sasa. Kipande cha Paris kinakuja.

Kaka wa Mnazi Mmoja

Naweka mkeka hapa mkuu. Sisi wa Lindi tumekulia karibu na mashamba ya mkonge lakini shuleni tuliambiwa habari za katani tu, uzito wa marobota na bei. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye yale makambi ya vibarua walilala wachongaji.

Mwalimu Mstaafu Masasi

Mwanangu Mwana wa Mikindani, umeanza vizuri, ila usimsahau George Lilanga. Alizaliwa huku kusini mwaka 1934, akajifunza kuchonga kwa wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Dar. Nyumba ya Sanaa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1972 na sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na mjomba wake Lilanga, Augustino Malaba, alikuwa akichonga pale. Lilanga aliingia kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Baadaye ndipo wakaona kazi zake, akapewa nafasi ya kuchora. Mashetani yale ya mpingo akayahamishia kwenye karatasi, kitambaa, ngozi ya mbuzi na bati, akayapa rangi nyekundu, njano na buluu, yanacheza ngoma, yanapanda basi, yanagombana. Alifariki 2005 na picha zake ziko kwenye makusanyo makubwa Ulaya, Marekani na Japani.

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona jina lake kwenye kitabu cha darasani.

Mwana wa Mikindani

Shikamoo mwalimu. Umenitangulia, na umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi.

Sasa Paris. Watu wakisema sanaa ya kisasa wanamaanisha sana sana yaliyotokea Paris kati ya 1900 na vita kuu ya pili, na ukiwahesabu wahusika unakuta Wafaransa ni sehemu tu. Picasso ni Mhispania wa Málaga, alihamia Paris 1904. Brancusi alitoka Romania mwaka huohuo. Modigliani, Myahudi wa Livorno, Italia, alifika 1906. Chagall alitoka Vitebsk, iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Soutine naye alitoka pande hizohizo.

Waliishi wapi? Kulikuwa na jengo liitwalo La Ruche, la mviringo, lililosimamishwa 1902 kwa mabaki ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1900. Vyumba vyembamba, kodi ndogo, baridi kali, na harufu ya machinjio ya jirani. Chagall, Soutine na Modigliani wote walipita pale. Anayejua vyumba vya uswahilini ambako vijana wa kusini walikuwa wakipanga watano watano anaweza kuyaona maisha hayo bila kupanda ndege.

Na tazameni hili. Mwenye duka aliyembeba Picasso na wenzake, Daniel-Henry Kahnweiler, alikuwa Mjerumani. Alifungua duka Paris 1907. Vita vya 1914 vilipoanza, serikali ya Ufaransa ilichukua shehena yake yote ya picha kwa sababu alikuwa raia wa nchi ya adui, na baada ya vita zikapigwa mnada. Kwa hiyo mchoraji mgeni na muuzaji mgeni ndio walioupa mji ule sifa yake. Dar walikuwa Mmakonde wa ng'ambo na Mhindi. Wote wawili mji uliwahesabu kuwa watu wa pembeni, na pembeni hapo ndipo walipoonana.

Pwani Haina Mwisho

Mkuu, naomba nikupinge kidogo kabla hujaenda mbali. Unalinganisha vitu visivyolingana. Picasso alichora anachotaka. Samaki na wenzake walichonga kilichonunuliwa na watalii na mabwana wa kikoloni. Shetani ni bidhaa ya duka. Mzee wangu alikuwa anasema kitu cha kweli cha Kimakonde ni lipiko (moja ya yale mapiko), na lile haliuzwi. Hayo mengine ni vinyago vya kuweka sebuleni kwa Mzungu. Tusijivunie kitu kwa sababu kimefika Ulaya.

Mwana wa Mikindani

Pingamizi lako ni la haki na nalijibu kwa uzito wake.

Kwanza, Picasso naye aliuza, na Kahnweiler alikuwa mfanyabiashara. Hakuna aliyesema picha zile si sanaa kwa sababu zililipiwa. Kwa nini fedha ikishikwa na mkono wa mchongaji wa Kiafrika ndiyo inaharibu kazi?

Pili, mwaka 1907 Picasso alichora wanawake watano, na wawili kati yao wana nyuso za barakoa. Mwaka huohuo alikuwa ameingia jumba la makumbusho la Trocadéro pale Paris na kuona barakoa za Afrika zimerundikwa makabatini. Mwaka 1906, mwaka mmoja kabla, Mjerumani Karl Weule alizunguka hapa kwetu, Newala na nyanda zake, akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Vitu vyetu na vya jirani zetu vilikuwa vinahama kwa meli wakati uleule ambao wachoraji walikuwa wanahamia mijini. Kwa hiyo Afrika ilikuwa Paris kabla Mmakonde yeyote hajafikiria kwenda. Tofauti ni kwamba vitu vilipokelewa na waliovitengeneza hawakuandikwa majina.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: lipiko lina mwenyewe, lina wazee wake na adhabu zake. Mchongaji wa lipiko hawezi kuamka asubuhi akaamua kulipa macho matatu. Akiwa mbali, Dar, kwenye kivuli cha mwembe wa mtu asiyemjua, hakuna mzee wa kumuuliza. Shetani la Samaki lisingechongwa Mueda. Si kwamba watu wa Mueda hawakuwa na akili hiyo, ni kwamba kule kila umbo lilikuwa na kazi na mwenye kulisimamia. Na majini na mizimu ilikuwa kwenye masimulizi ya Wamakonde siku zote. Ugeni ulimpa ruhusa ya kuiweka kwenye mti.

Tezo na Patasi

Mimi nachonga, niko Mtwara, nimejifunza kwa baba. Naomba niseme kuhusu hili la "bidhaa ya duka" kwa sababu linatuumiza.

Gogo la mpingo likija lina ganda, chini ya ganda kuna weupe kama wa maziwa, na ndani ndiyo moyo mweusi. Mpingo unatoka Nachingwea, Liwale, Kilwa, siku hizi ni wa kibali na bei imepanda. Unakaa chini, unalibana gogo kwa nyayo, unaanza na tezo. Hakuna kuchora kwa penseli. Kwenye ujamaa unaanza na watu wa nje, kutoka juu kushuka, na kila mtu lazima aegemee mwenzake, mkono wa huyu uwe kwenye bega la yule, la sivyo gogo likikauka anadondoka peke yake. Ukiwahi kutoboa katikati kabla ya kumaliza nje, mpingo unapasuka na kazi ya wiki kadhaa imekwisha. Tundu kati ya kiwiko na kiuno unalitoboa kwa patasi nyembamba, kidogo kidogo, unapuliza vumbi, unatazama mwanga upande wa pili. Kazi ukiiacha jioni unaifunika gunia lenye maji, maana joto la Mtwara halina huruma. Mwisho tupa, msasa mkali, msasa laini, na polishi.

Baba alikuwa akipata gogo lenye ufa anakaa nalo siku nzima akiligeuza. Ule ufa anaufanya mdomo. Mteja alikuwa hajulikani hata ni nani. Anayesema hapo hakuna fikra, aje akae na mimi barazani siku moja.

Lakini na mimi niseme ukweli wa upande wa pili. Walanguzi waliokuwa wanakuja na gari kununua kwa jumla ndio walioharibu mengi. Wanataka tembo hamsini wa saizi moja, kesho kutwa. Mtu mwenye njaa atachonga tembo hamsini.

Pwani Haina Mwisho

Nimekuelewa fundi, na hilo la ufa limenigusa. Nabaki na neno langu kuhusu lipiko, lakini la sebuleni kwa Mzungu naliweka chini.

Binti Tandahimba

Kaka zangu, mmetaja wanaume tu toka juu. Naongeza mwanamke, tena wa hapahapa. Reinata Sadimba, Mmakonde, kazaliwa 1945 kijiji cha Nemu, upande wa Mueda. Kwa Wamakonde mti ni wa wanaume, udongo ni wa wanawake. Alifinyanga vyungu kama mama yake alivyomfundisha. Alikuwa kwenye harakati za FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi. Baada ya uhuru wa 1975 vyungu vyake vikaanza kuota vichwa: chungu chenye uso, chenye chale, chenye maziwa, mama anayezaa mtu anayezaa mtu. Majirani walimshangaa. Mwaka 1980 akavuka kuja Tanzania, Msumbiji ikazama kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huku ndiko alikoendelea kufinyanga. Aliporudi 1992 alikwenda Maputo, karakana yake ikawa kwenye uwanja wa Makumbusho ya Historia ya Asili, na leo ni miongoni mwa majina makubwa ya sanaa ya nchi ile. Maputo imempata, lakini miaka 12 alikuwa kwetu. Nani aliandika?

Na kama mnataka wa mbali zaidi: Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar 1954, baba yake akafariki, akachukuliwa Uingereza akiwa kichanga. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Everlyn Nicodemus wa Marangu aliondoka Tanzania kwenda Sweden 1973, akaishia Edinburgh, na mwaka 2022 jumba la picha za watu mashuhuri la London lilinunua picha aliyojichora mwenyewe. London wanazitembeza kazi zao. Huku ukiuliza chuoni wanakutolea macho.

Mwana wa Mikindani

Dada, ubarikiwe. Huyo Reinata ndiye mfano unaonyooka kuliko yote. Mtu hakimbilii kwenye jumba la sanaa, anakimbilia panapolika na kulalika, na kazi inakuja naye kwa sababu iko kwenye vidole.

Msafiri wa Ruvuma

Jirani yenu wa Tunduru hapa, nami niseme langu. Eduardo Saidi Tingatinga alizaliwa Namochelia, Nakapanya ya leo, mwaka 1932. Alikwenda Tanga kwenye mkonge, kama wale wenu. Kisha Dar, kazi za vibarua, akiuza matunda na mboga. Mnamo 1968 alianza kuchora kwa rangi ya kupaka baiskeli kwenye vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili, akiviuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Wanafunzi wake walikuwa ndugu na watu wa kwao, kina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Casper Tedo, January Linda. Wakaendelea, na hadi sasa jina lake ndilo jina la mtindo.

Namuuliza mleta uzi: kwa nini mkonge unarudi kila mahali kwenye hadithi hii?

Mwana wa Mikindani

Msafiri, kwa sababu mkonge ndio uliokuwa barabara. Shamba la mkonge lilimkusanya Mmakonde, Mmakua, Myao, Mngindo na Mngoni kwenye kambi moja, likawalipa fedha taslimu kidogo, na likawafundisha kwamba kwao kunaweza kuachwa. Mkataba ukiisha, mwingine anarudi, mwingine anasema ngoja niione Dar. Wakati huo kusini kulikuwa kumefungwa. Daraja la Rufiji, lile la Mkapa, limekuja 2003. Kabla ya hapo masika yakianza ulikuwa unasafiri kwa meli au unakaa nyumbani. Aliyefika Dar hakuwa na njia rahisi ya kurudi, ndiyo maana watu wa sehemu moja waliishi pamoja, walifundishana kazi pamoja, na mtindo mmoja ukashika.

Umetaja hadibodi, nami nikamkumbuka Mmarekani mweusi Jacob Lawrence. Wazazi wake walikuwa sehemu ya lile wimbi kubwa la watu weusi waliotoka majimbo ya kusini ya Marekani, kwenye pamba na ubaguzi, kwenda miji ya kaskazini. Yeye akakulia Harlem, New York. Mwaka 1941 alimaliza mfululizo wa picha 60 kuhusu uhamaji huo, na alizichora kwenye hadibodi, ubao wa bei rahisi. Alizichora zote 60 kwa pamoja, rangi moja kwa wakati mmoja, ili nyekundu ya picha ya kwanza ifanane na ya mwisho. Vituo vya treni, mizigo, mistari ya watu, chumba chenye vitanda vingi. Kusini ya Marekani na kusini yetu zina mengi ya kuambizana.

Na New York nzima ilikuja juu kwa namna hiyo. Mchoraji Rothko alifika Marekani 1913 akiwa mtoto kutoka Dvinsk, mji ulio Latvia ya leo. Arshile Gorky alinusurika mauaji ya Waarmenia, akafika 1920. De Kooning alizamia meli kutoka Rotterdam 1926, alizamia kama vijana wetu wanavyozamia Durban. Wajerumani walipoingia Ufaransa 1940, Mmarekani Varian Fry alikaa Marseille akiwatafutia njia ya kutoka wasanii na waandishi waliokuwa wakisakwa. Chagall alitoka kwa msaada huo 1941. Wifredo Lam, Mkyuba mwenye damu ya Kiafrika na Kichina, alipanda meli Marseille mwaka huohuo akarudi kwao, na 1943 akachora msitu wa miwa wenye nyuso za barakoa ambao makumbusho ya New York yaliununua 1945. Mondrian, Mholanzi, alifika New York 1940 na katika picha zake za mwisho unaona taa za barabarani na muziki wa jazi. Vita vilipoisha, sifa ya kuwa mji mkuu wa sanaa ilikuwa imehama Paris. Iliwafuata watu.

Kaka wa Mnazi Mmoja

Mkuu, mbona unawasifia kama vile kukimbia ni bahati? Mimi babu yangu alivuka kutoka kule. Hakupenda kuhama. Alikuwa akisikia ngoma za upande ule usiku ukitulia, analia. Usipambe ukimbizi.

Mwana wa Mikindani

Kaka, umenigusa pabaya na ni haki yako. Pole kwa mzee. Sitaki kupamba. Ngoja niweke upande huo wazi.

Gerard Sekoto alikuwa mchoraji wa Afrika Kusini. Aliondoka kwenda Paris 1947, mwaka mmoja kabla ya ubaguzi kufanywa sera ya serikali. Alipiga piano kwenye mabaa ili ale. Hakurudi tena kwao. Alifariki Ufaransa 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Mandela, na hadi mwisho alikuwa akichora mitaa ya Sophiatown kwa kumbukumbu. Mwenzake Ernest Mancoba alifika Paris 1938, Wajerumani wakamweka kizuizini, akafunga ndoa na mchongaji wa Kidenmaki, Sonja Ferlov, wakati wa kifungo hicho. Baada ya vita walijiunga na CoBrA, kundi la wasanii wa Ulaya, na vitabu vingi vya kundi hilo vilikaa miaka bila kumtaja Mwafrika aliyekuwemo. Alirudi nyumbani kwa mara ya kwanza 1994. Dumile Feni aliondoka Afrika Kusini 1968, London kisha Marekani, akafia New York 1991 wakati mlango wa kurudi ndiyo kwanza unafunguka.

Na yuko Ibrahim El-Salahi wa Omdurman. Mwaka 1975 alifungwa Khartoum bila mashtaka, zaidi ya miezi sita. Gerezani karatasi ilikuwa kosa. Alikuwa akichora kwenye vipande vidogo na kuvifukia mchangani askari wakipita. Akatoka, akaenda Qatar, baadaye Oxford. Picha zake kubwa za uhamishoni zinaundwa kwa vipande: anaanza kimoja, anaongeza cha pembeni, hajui itaishia wapi. Ile maarufu ya miaka ya 1980 ina vipande tisa. Gereza lilimpa njia ya kufanya kazi, lakini ukimuuliza mtu kama angechagua gereza, jibu unalijua. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Tate Modern la London lilimfanyia onyesho lake mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya 80.

Ninachodai hakina sherehe. Mji unachukua kazi kwa mtu aliyepoteza kwao, halafu unaandika jina la mji. Babu yako alilia usiku. Kilio hicho kiko ndani ya mti, na anayeandika "sanaa ya Dar es Salaam" amekifuta.

Kaka wa Mnazi Mmoja

Nimekuelewa. Asante.

Mwalimu Mstaafu Masasi

Mniruhusu nirudi Afrika Mashariki kidogo. Elimo Njau wa Marangu, Kilimanjaro, alihamia Nairobi na katikati ya miaka ya 1960 akaanzisha Paa ya Paa, moja ya nyumba za kwanza za sanaa kumilikiwa na Waafrika katika mji ule. Amin alipoitesa Uganda, wachoraji wa Makerere walitawanyika, wengine wakaja Nairobi. Jak Katarikawe, Mganda, alichora ng'ombe wake wa ndoto miaka mingi akiwa Nairobi. Kwa hiyo ukiambiwa sanaa ya Nairobi, uliza kwanza ni ya Wakenya wangapi.

Na mwaka 1989 Paris walifanya onyesho kubwa la wasanii wa dunia nzima pale Pompidou, wengi hawajawahi kuingia katika majumba kama yale. Kati yao alikuwepo John Fundi, Mmakonde wa upande wa Msumbiji, na sanamu zake za mpingo. Miaka 82 baada ya Picasso kuchora nyuso za barakoa, aliyechonga akaitwa kwa jina.

Binti Tandahimba

Mwalimu, hapo umenitoa machozi. Sasa tufanye nini? Maana tukiishia kuandika hapa, mwakani tunaandika tena.

Mwana wa Mikindani

Dada, mimi nina ombi moja na ni dogo. Vinyago vingi vya miaka ya 1950 hadi 1980 havina jina popote. Mwenye duka alikuwa anabandika kikaratasi cha bei tu. Lakini wachongaji wengine waliweka jina au alama kwa patasi upande wa chini, pale kinyago kinapokanyaga meza, kwenye ule weupe wa mpingo, na hakuna anayepindua kutazama. Kwenye nyumba zetu Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, kwa mapadri, kwa wastaafu wa mashamba, kwa watoto wa waliokuwa na maduka, vipo. Pindueni. Kama kuna maandishi, piga picha, weka hapa, taja ulikipata wapi na ni nani alikileta. Kama mzee wako alichonga au aliishi na wachongaji kambini, mrekodi kwa simu wakati bado ana pumzi: jina kamili, kijiji alikotoka ng'ambo, shamba alilofanyia kazi, mtaa aliofikia Dar, aliyemfundisha, aliowafundisha. Wale wanaokwenda tamasha la Makuya hapa Mtwara, kaeni na wazee wa ngoma, wao wanajua nani alimchongea nani.

Tezo na Patasi

Nimepindua cha baba sasa hivi. Kuna herufi mbili na alama ya mshale. Herufi ni zake. Mshale kesho namuuliza shangazi Naliendele, yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Picha nitaiweka.

Msafiri wa Ruvuma

Huku Nakapanya nitaanza na ukoo wa wale wanafunzi. Wapo wajukuu. Nipeni hadi baada ya korosho.